Mbwa Akihema Usiku Usichukue Fimbo, Hesabu Pumzi Kwanza

Najua wengi mnapita hapa mkitafuta ratiba ya chanjo ya kideri au namna ya kuchanganya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Leo nimewaletea mbwa, tena mbwa anayehema usiku. Msiondoke. Nina deni katika jambo hili na nataka nianze kwa kulisema.

Miaka michache iliyopita, sijamaliza hata miezi sita katika kata hii ya bonde la Kilombero, nilipigiwa simu saa tano usiku na mama mmoja mfanyabiashara wa mchele. Alikuwa na ghala dogo nyuma ya nyumba na mbwa jike mmoja wa kulilinda. "Bwana mifugo, samahani kwa kukuamsha. Mbwa wangu anahema tangu magharibi, ulimi nje, hatulii. Anazunguka tu, na watoto wake anawakimbia." Nikamuuliza kama amekula. Akasema amekula. Nikamwambia, "Ni joto tu mama, mwezi wa pili huu. Muwekee maji, asubuhi nitapita." Nikageukia upande wa pili, nikalala.

Nilifika kwake na pikipiki saa mbili asubuhi. Mbwa alikuwa amelala pembeni ya ghala, miguu imenyooka, ameshakakamaa. Watoto sita wa wiki tatu walikuwa bado wanahangaika kunyonya mzoga. Mama yule hakunifokea. Alisema neno moja tu: "Nilikupigia." Watoto wanne kati ya wale sita walikufa ndani ya wiki hiyo. Na kabla ya mavuno mapya, wezi walitoboa ukuta wa ghala wakabeba magunia tisa. Sitasema mbwa yule angewazuia. Ninachojua ni kwamba usiku ule hapakuwa na kitu cha kubweka.

Maelezo ya simu yale yalikuwa na kila kitu nilichohitaji. Mbwa anayenyonyesha, anahema bila kukimbia, hatulii, anawakataa watoto. Huo ni upungufu wa kalsiamu kwenye damu, ndugu wa karibu wa homa ya maziwa ya ng'ombe ambayo nimeitibu mara nyingi. Nilifundishwa darasani nilipokuwa nasoma stashahada. Ingekuwa ng'ombe ningevaa buti usiku uleule. Kwa kuwa alikuwa mbwa, nikasema ni joto.

Ndiyo maana maoni yangu ya leo yanaanza na mimi mwenyewe. Sisi maafisa tunaokaa vijijini na ninyi mnaofuga tumekubaliana kimyakimya kwamba mbwa si mfugo. Katika ripoti zangu za mwezi, mbwa nilikuwa namwandika mara moja kwa mwaka, siku ya chanjo ya kichaa, basi. Mbuzi akikohoa tunaitana. Mbwa akihema usiku kucha tunamrushia kandambili anyamaze. Wakati huohuo huyo ndiye tunayemwachia zizi, kuku, baiskeli, magunia na watoto waliolala. Mlinzi wa usiku unamlipa mshahara, mbwa unamlipa makoko ya ugali, na akiugua kazini unampiga. Kwangu mimi hiyo ni hasara ya kujitakia, nikiiweka huruma pembeni kabisa na kuhesabu magunia tu.

Sasa tuje kwenye kuhema kwenyewe.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama wewe unapolima. Tezi zake za jasho ziko chini ya nyayo, na hazitoshi kumpoza. Joto analitoa kwa mdomo: anapitisha hewa haraka juu ya ulimi na njia ya pua, unyevu unageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Ufikirie mtungi wa udongo uliouweka kivulini. Maji yanapenya kidogo nje ya mtungi, yanakauka, na yaliyobaki ndani yanapoa. Mbwa ni mtungi wenye miguu minne. Na kama ujuavyo, siku ambayo hewa imejaa unyevu mtungi haupozi vizuri, kwa sababu maji hayakauki. Hivyo katika bonde kama letu, wakati wa joto la kabla ya masika, mbwa anaweza kuhema mara zaidi ya 200 kwa dakika na bado asipoe haraka.

Kwa hiyo kuhema kwenyewe si ugonjwa. Mbwa aliyetoka kufukuza fisi atahema, na baada ya dakika kumi au ishirini za kulala atatulia. Usiku wa joto atahema, atatafuta sakafu ya saruji au udongo wenye unyevu, atajinyoosha, atatulia kidogo kidogo kadiri usiku unavyopoa. Radi au fataki za mwaka mpya zitamfanya ahemee chini ya kitanda chako huku anatetemeka, na zikiisha naye anaisha. Hayo yaache.

Shida inaanza pale usiku umepoa, wewe mwenyewe umevuta shuka, mbwa hajakimbia popote, na bado anahema. Au analala lakini ubavu unapanda na kushuka kama kiriba cha mhunzi. Hapo kaa chini uhesabu. Kila kifua kinapopanda na kushuka hesabu moja. Hesabu kwa nusu dakika kwenye saa ya simu yako, zidisha mara mbili. Mbwa mzima aliyelala usingizi anapumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Ukipata zaidi ya 40, usingizini, katika ubaridi, rudia baada ya nusu saa. Ikibaki hivyo, huyo anaumwa, hata kama jioni alikula sahani nzima. Usihesabu anapoota ndoto na kurusha miguu, utajitisha bure.

Halafu washa tochi umnyanyue mdomo wa juu, pembeni, uone fizi. Zoezi hili lifanye leo kwa mbwa mzima ili ujue rangi yake ya kawaida, maana wengine wana fizi nyeusi za asili, na kwao itabidi uangalie ndani ya kope la chini. Rangi nzuri ni ya waridi, kama fizi zako mwenyewe. Zikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepungua au imemwagika ndani. Zikiwa za bluu, hewa haifiki. Zikiwa nyekundu kupita kiasi na mwili unachoma, ni joto kali au homa. Kama una kipima joto cha mifugo, cha kuingiza nyuma, mbwa mzima husoma kati ya 38 na 39 na pointi kidogo. Akifika 41 hiyo ni dharura, usingoje kukuche.

Lakini kabla hujashika mdomo wa mbwa yeyote, nisikilize hapa. Kama mbwa anadondosha mate mengi, taya limelegea, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, au tabia yake imegeuka ghafla, usiingize mkono. Watu wengi wanadhani mfupa umemkwama kooni wanakwenda kuuchokonoa, kumbe ni kichaa. Mfungie mahali asipogusa mtu wala mfugo, utuite. Kama amekuuma au mate yake yamegusa kidonda chako, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza hata moja, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaanze sindano. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Na nikishaliandika hilo, sitaki kusikia tena mtu anasema chanjo ya mwaka jana inamtosha mbwa hadi afe. Ugonjwa huu unakatika kijijini pale mbwa wasiopungua 70 kati ya kila 100 wanapokuwa wamechanjwa, na wako ni mmoja wa hao.

Turudi usiku. Nianze na kibanda, kwa sababu hapo ndipo ninapogombana na wanaume wengi wa kata hii. Kuna imani kwamba mbwa akifungiwa mchana kutwa kwenye boksi la bati, gizani, anakuwa mkali usiku. Mimi nimeingiza mkono kwenye maboksi hayo saa tisa alasiri. Usingeweza kuuacha humo ukahesabu hamsini. Mbwa anashinda humo akihema, anapoteza maji, mara nyingi bila hata sufuria ya maji, eti asikojoe ndani. Jioni unamfungulia, anakimbia kama aliyepagawa, wewe unafurahi kwamba ni mkali. Ifikapo saa nne usiku amelala nyuma ya choo anahema, hana nguvu ya kufuata hata paka. Mchana umemchosha wewe mwenyewe, usiku unamlaumu.

Mfunge chini ya mwembe kwa kamba ndefu, au tengeneza kibanda cha mbao au matete chenye paa la nyasi, kimeinuliwa kwa tofali mbili tatu, mlango ukiangalia upepo. Bati likiwa ndilo ulilonalo, liezeke nyasi juu na acha nafasi pande mbili hewa ipite. Mbwa wa kilo 15 anahitaji karibu lita moja ya maji kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo. Maji hayo yawepo usiku pia. Mtungi usio na maji utapoza nini?

Ukimkuta ameshazidiwa na joto, anahema kwa kelele, anayumba, mate mazito, mwili unachoma, mpeleke penye hewa, mmwagie maji ya kawaida tumboni, miguuni na kichwani, umpepee. Endelea kumwagia. Usimfunike kwa gunia bichi ukaliacha, linafungia joto ndani. Akiweza kunywa mwenyewe anywe kidogo kidogo. Poza kwanza, ndipo utafute bodaboda ya kumpeleka kwa daktari, kwa sababu akisafirishwa na joto lile atafia njiani.

Baada ya joto, sababu ninayoiona zaidi hapa kwetu ni kupe. Mbwa wetu wanalala zizini na ng'ombe, na wana kupe wao wa kahawia pia. Kupe wanaingiza vijidudu vinavyoharibu damu. Damu ikipungua, mwili unakosa hewa ya kutosha, moyo na mapafu vinalazimika kukimbia, na wewe unaona mbwa anahema akiwa amelala. Wakati mwingine mkojo unatoka na rangi ya chai ya rangi. Fizi zinapauka, anakonda, anaacha kubweka. Nyanyua masikio, pitisha vidole katikati ya vidole vyake vya miguu na chini ya mkia, ndiko wanakojificha. Kwa watoto wa mbwa, minyoo ya safura inaleta hali ileile ya fizi nyeupe, na inaua kundi zima la watoto huku mwenyewe akisema wamelogwa. Kwenu mnaopakana na mapori yenye mbung'o, ongezeni nagana: homa inayokuja na kuondoka, uso kuvimba, jicho kugeuka kama lina ukungu wa bluu.

Hapa niseme kitu kuhusu sindano ya OTC. Najua iko kwenye kila nyumba yenye ng'ombe, na mbwa akihema mtu anamchoma. Kuna ugonjwa mmoja wa kupe ambao dawa za jamii hiyo zinausaidia kweli, ndiyo maana jirani yako alichoma wa kwake akapona. Lakini ule wa mkojo mweusi unahitaji dawa nyingine kabisa, na nagana vilevile, na sumu haisikii OTC hata uchome chupa nzima. Unaona mbwa amechomwa, unatulia, siku mbili zinapita, na zile ndizo siku alizokuwa nazo. Vilevile dawa ya kuogeshea ng'ombe usimpake mbwa kwa kukadiria kwa kifuniko. Nimeona mbwa wametetemeka na kutokwa mate saa moja baada ya kuogeshwa na mabaki ya bomba la shambani. Nunua iliyoandikwa ni ya mbwa, soma kipimo kwa kilo zake. Panadol na diklofenaki za kwenye mkoba wa bibi ziacheni kwa bibi. Kwa mbwa zinaharibu ini, tumbo, figo na hata damu.

Wafanyabiashara wa mpunga, hii inayofuata ni yenu hasa. Ghala lina panya, na panya mnawawekea sumu. Zipo sumu za aina mbili mnazotumia. Moja inazuia damu kuganda. Mbwa akiila, au akila panya kadhaa walioila, siku ya kwanza anacheza kama kawaida. Dalili zinakuja baada ya siku mbili hadi tano: anachoka, anakohoa, fizi zinapauka, usiku anahema kwa sababu damu inavuja ndani, mara nyingi kifuani. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka ile sumu ya Jumapili. Huyu anaweza kuokolewa kwa vitamini K chini ya daktari, kwa wiki kadhaa, ila lazima useme kwamba uliweka sumu. Nyingine ni zile za vipakiti visivyo na lebo zinazouzwa mnadani, ambazo nyingi ni viuatilifu vya shambani vilivyosagwa. Hizo zinafanya kazi ndani ya saa moja: mate, kutapika, kuharisha, misuli kucheza, kuhema kwa shida, mboni ndogo kama kichwa cha pini. Na ndizo hizohizo wezi wanazopaka kwenye nyama. Mbwa wote wawili wa mtaa mmoja wakianza kuhema usiku mmoja, amka, washa taa, waamshe majirani. Kuna mtu yuko karibu.

Kinachofuata mara nyingi ni maziwa na mafuta ya kula. Mtu anamkamata mbwa, anampanua mdomo, anamimina. Mbwa anayehema kwa nguvu hawezi kumeza na kupumua kwa wakati mmoja. Maziwa yanaingia mapafuni, na hata kama sumu isingemuua, nimonia itammaliza baada ya siku tatu. Naomba mniamini katika hili kuliko mengine yote niliyoandika: usimmiminie mbwa anayehema kitu chochote mdomoni. Chukua pakiti ya sumu au matapishi kwenye mfuko, mpeleke.

Namna anavyokaa pia inakueleza. Anayehema kwa joto anafungua mdomo, ulimi mpana umening'inia, mwili umelegea. Anayekosa hewa ananyoosha shingo, anatanua viwiko vya mbele, tumbo linasukuma kila pumzi, na hataki kulala kwa ubavu. Huyo hana muda. Anayeumwa maumivu, labda alipigwa jiwe mbavuni au ameumwa na nyoka, anahema huku anaangalia au analamba mahali pamoja. Pitisha mkono taratibu, utaona anapokwepa. Mbwa mzee anayekohoa usiku na kuchoka upesi, fikiria moyo.

Halafu majike. Mimba ya mbwa ni kama siku 63. Akikaribia kuzaa atahema, atachimba, atakusanya matambara. Hiyo ni kazi yake, mpe mahali pakavu penye giza uondoke. Ila akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, tafuta msaada. Na wiki ya pili hadi ya nne baada ya kuzaa, akianza kuhema, kutembea kama miguu ni mbao, kutetemeka, kuwakimbia watoto, mtenge na watoto palepale, wape watoto maziwa mengine, na mfikishe kwa daktari usiku huohuo. Dawa yake ni kalsiamu ya kuingizwa kwenye mshipa polepole na mtu anayejua, huku akisikiliza moyo. Ukiharakisha inaua. Mimi si daktari, nina stashahada, na hiyo ni kazi ninayoifanya nikiwa na daktari wa wilaya kwenye simu. Lakini inafanyika, na mbwa anasimama mbele ya macho yako.

Kuna wasomaji wataniuliza habari ya wachawi. Nimezaliwa kijijini, sitawacheka. Mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, mbwa akihema usiku akiangalia gizani, ameona tusichokiona." Nikamjibu, "Shikamoo mzee, inawezekana. Tuangalie na fizi zake basi." Zilikuwa nyeupe. Tulimtoa kupe zaidi ya thelathini nikiwa nimeshika tochi kwa meno, akatibiwa, sasa ni miaka miwili anabweka hadi mimi nashindwa kuingia pale kwa mzee bila kuitwa. Mzee bado anasema kwamba mbwa aliona kitu. Hatugombani.

Wenzangu wengine wataniambia afisa mmoja mwenye vijiji vinne hawezi kuamka kwa kila mbwa. Ni kweli, siwezi, na mafuta ya pikipiki hayatoshi. Ninachoomba ni kidogo. Wewe mwenye ghala au zizi, kila unapouza mpunga au mbuzi, tenga bei ya kuku mmoja kwa ajili ya mbwa: dawa ya minyoo, dawa ya kupe yenye lebo, chanjo. Mkutano wa kijiji unapopanga siku ya josho, pangeni na ya mbwa asubuhi ileile, nami nitakuja na chanjo zilizopo. Na namba ya daktari wa mifugo wa wilaya ibandikwe ukutani dukani pale panapouzwa vocha, ili usiku wa manane mtu asianze kuuliza.

Mimi nitapokea simu. Tangu asubuhi ile sijamwambia mtu tena kwamba ni joto tu kabla sijauliza. Ila nisaidie: simu yako ikiwa na chaji kidogo, usianze na salamu ndefu. Niambie amehema tangu saa ngapi, umehesabu pumzi ngapi kwa dakika, fizi zina rangi gani, amekula nini na sumu gani iko nyumbani, kupe wapo au hawapo, amechanjwa lini. Na kama ni jike, anza na swali ambalo mimi sikuuliza usiku ule: amezaa lini.